Uzi: Mnayemwita mvivu huenda anasubiri tu. Tija ya mfanyakazi inatoka wapi hasa?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna maneno nimeyasikia kwenye kila kikao cha kazi nilichowahi kukaa, tangu nikiwa mbeba maboksi stoo mpaka sasa ninapopanga ratiba za uzalishaji: "Watu wetu hawajitumi." Oda ikichelewa, watu hawajitumi. Mashine ikifa, watu hawajitumi. Malighafi ikifika siku mbili baada ya siku iliyopangwa, bado ni wao hao hao. Nilikuwa nanyamaza, maana aliye juu mngoje chini, ila sasa yamenifika kooni.

Kwanza tuwekane sawa kwenye neno lenyewe. Tija si jasho. Ni kilichozalishwa, ukikigawa kwa saa zilizotumika kukizalisha, basi. Kwa uchumi wa nchi wanachukua pato la taifa na kuligawa kwa saa zote ambazo watu walikuwa kazini. Anayelima kwa jembe la mkono toka alfajiri hadi magharibi anachoka kuliko mwenye trekta, tena sana, lakini hesabu haiulizi nani kachoka. Inauliza eka ngapi.

Mfano mkongwe kabisa ni wa pini. Mwaka 1776 mchumi Adam Smith alieleza karakana ndogo ya watu 10 waliogawana kazi: huyu anavuta waya, yule anaunyoosha, wa tatu anakata, wa nne anachonga ncha, mpaka hatua zikafika kama 18. Kwa siku walitoa pini zaidi ya 48,000, yaani 4,800 kwa kichwa. Kila mtu angefanya kivyake, alisema, pengine asingefikisha hata 20. Vidole ni vile vile. Kilichobadilika ni nani anashika nini na kinamfikaje.

Sasa njooni bandarini, maana huo ndio mfano ninaoupenda. Zamani meli ilipakiwa kitu kimoja kimoja: gunia, kreti, pipa, robota la pamba. Makuli wanateremka tumboni mwa meli, wanapanga kwa mikono na kulabu, na meli inaweza kukaa gatini siku nyingi sawa na zile inazokaa safarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, kule Marekani, ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Wazo lilikuwa la Malcom McLean, mtu wa malori. Kupakia mzigo wa kawaida wakati ule kuligharimu dola 5.86 kwa tani. Kwa kontena ikawa chini ya senti 16. Naomba mtu aniambie: kuli alianza kujituma lini? Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kreni!

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunirarua. Kinachoitwa uvivu, mara nyingi ni mtu anayesubiri. Anasubiri kifaa, saini, umeme, fundi, au mwenzake wa hatua ya nyuma amalize. Elimu ina uzito wake, afya ina uzito wake, mshahara pia, na nitawasikiliza mkivileta. Ila kabla ya vyote hivyo nenda kaangalie kitu kinachomzunguka huyo mtu.

Na kazi ya nyumbani: kesho chukua saa, uhesabu ni dakika ngapi ulikuwa unafanya kazi na ngapi ulikuwa unaingoja kazi ikufikie. Mrudi hapa na majibu.

#2

Nimeweka kambi. Maji ninayo, kiti ninacho.

#3

Mleta uzi, hapa unawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi nasimamia watu 30 kwenye ushonaji. Cherehani ni za aina moja, zimenunuliwa siku moja. Kwenye kushona mifuko ya mashati nina kijana anatoa mifuko 60 kwa saa na nina dada anatoa 35. Zana ile ile, mshahara ule ule, paa moja. Sasa hiyo tofauti ya 25 nayo ni kontena? Watu wanatofautiana, mkuu. Wapo wanaojituma na wapo wanaokuja kazini kupumzika.

#4

Nipo katikati yenu nyie wawili, ila #3 ana hoja isiyotakiwa kupuuzwa.

Kuna kampuni ya Marekani ya kufunga vioo vya magari, Safelite. Miaka ya katikati ya 1990 iliacha kulipa kwa saa ikaanza kulipa kwa kioo kilichofungwa. Mchumi Edward Lazear alizipitia takwimu zake, akachapisha mwaka 2000: kazi kwa kila mfanyakazi iliongezeka asilimia 44. Mtu akisoma hapo anasema "si mnaona, ni uvivu tu." Tulia. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu wale wale kukaza mwendo. Nusu iliyobaki ilitokana na waliokuja na waliobaki: wenye kasi waliona panalipa wakaingia na wakakaa.

Halafu angalieni aina ya kazi. Kioo kinahesabika. Kikifungwa vibaya kinavuja, na aliyekifunga anajulikana, anarudia bila malipo. Sasa mwalimu utamlipa kwa kipande gani? Ukimlipa kwa idadi ya waliofaulu, atafundisha mtihani. Polisi ukimlipa kwa idadi ya waliokamatwa, Mungu atusaidie. Motisha ya fedha ni kisu kikali. Kinafaa kukatia, si kila kitu ni cha kukatwa.

#5

Naongeza chumvi kwenye kidonda cha mleta uzi. Mwanahistoria wa uchumi Gregory Clark alilinganisha viwanda vya pamba vya mwaka 1910. Mashine nyingi zilitoka kwa watengenezaji wale wale wa Uingereza. Lakini mfanyakazi mmoja wa New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) alifanya kazi ya watu karibu 6 wa Ugiriki, Japani, India au China. Mashine sawa, tija mara sita. Kontena liko wapi hapo?

#1 (mleta uzi)

Hilo swali zito, #5, na limewagawa wachumi mpaka leo. Mimi nalisoma hivi. Ujira ukiwa mdogo sana, hakuna mwenye kiwanda anayeumiza kichwa kuokoa muda wa mtu. Anaweka watu watatu pale ambapo mmoja angetosha, na mmoja wao anasimama tu akingoja uzi ukatike (uzi wa mashine, si huu). Ujira ukipanda, ghafla kila mtu anagundua kwamba muda una bei, na ndipo mpangilio unabadilika. Sisemi hiyo inamaliza tofauti yote.

Ila nami nina cha India. Kundi la wachumi, akiwemo Nicholas Bloom, lilichukua viwanda vya nguo karibu na Mumbai na kuvigawa kwa bahati nasibu. Baadhi vikapewa washauri wa uendeshaji kwa miezi kadhaa bure. Ushauri wenyewe? Andika kila mashine inapokufa na kwa nini. Fagia sakafu. Panga nyuzi stoo kwa rangi na aina, uweke lebo, maana zilikuwa zimerundikwa kwenye magunia na hakuna aliyejua kilichomo. Rekodi kasoro za kitambaa kila siku na mkae mzijadili. Hakuna la ajabu hapo, mama yeyote mwenye nyumba anayajua. Mwaka wa kwanza tija ilipanda asilimia 17. Wafanyakazi hawakubadilishwa, na mashine zilikuwa zile zile.

#6

Wakuu, mmeisahau Fremont, California.

General Motors walikuwa na kiwanda cha magari pale. Utoro ulikuwa wa kutisha: siku ya kawaida karibu mtu mmoja kati ya watano hayupo. Ugomvi na chama cha wafanyakazi kila wiki. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwishoni mwa 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na Toyota ndio waliokiendesha. Sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, chama kile kile. Utoro ukashuka vibaya mno, na magari yakaanza kutoka yakiwa na ubora unaokaribia wa Japani.

Wengine wanazungumzia mafunzo, ni kweli, baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza. Lakini mimi kinachonigusa ni kamba. Juu ya kila kituo cha kazi kulikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, anaivuta, kiongozi wa kundi anakuja mbio kumsaidia, na tatizo lisipokwisha kwa muda mfupi mstari mzima wa kuunganisha magari unasimama. Kule kwenye mfumo wa zamani kusimamisha mstari ilikuwa dhambi: gari lipite na bolti pungufu, litatengenezwa mwishoni. Sasa fikiria wewe ni yule yule uliyekuwa unakunywa pombe kazini, leo unaambiwa macho yako yana thamani kiasi cha kusimamisha kiwanda. Kujituma nako kunajengwa, #3.

#7

Samahanini jamani, mie ni nesi, mnaongea viwanda tu.

Zamu yangu ya jana. Nilitafuta mashine ya kupimia presha. Wodi ya jirani waliiazima. Nikaenda, wakasema imeshachukuliwa na wodi nyingine. Nikaipata, betri imekufa. Nikarudi kutafuta betri. Wakati huo mgonjwa wangu wa kitanda cha tatu anahitaji dawa ya saa nne, na ufunguo wa kabati yuko nao mtu aliyeenda kwenye kikao. Nimetembea zamu nzima miguu ikavimba. Mkiniletea hiyo hesabu ya kugawa kwa saa, nitaonekana mzigo.

Halafu niwaulize: tija ya nesi ni ipi? Nikihudumia wagonjwa wengi zaidi kwa saa, nimeongeza tija au nimewapunguzia matunzo?

#4

Dada #7, swali lako linajulikana kwenye uchumi. Mchumi William Baumol alilieleza miaka ya 1960 kwa mfano wa wanamuziki wanne wa ala za nyuzi: kipande kilichohitaji watu wanne na nusu saa miaka mia mbili iliyopita, leo kinahitaji wanne hao hao na nusu saa ile ile. Kazi ambazo muda wa mtu ndio huduma yenyewe haziwezi kukimbia kama kiwanda. Lakini mishahara yake lazima ipande pamoja na ya viwandani, la sivyo watu watahama. Ndiyo sababu matibabu na elimu vinazidi kuwa ghali hata pale ambapo hakuna aliyezembea.

Ila hayo ni ya muda ulio kando ya kitanda. Ule wa kutafuta betri si matunzo ya mtu yeyote. Huo unaweza kukatwa wote.

#8

Ofisini kwetu tuliletewa kompyuta na programu mpya ya kisasa kabisa. Sasa tunajaza fomu kwenye programu, tunaichapisha, tunaipeleka isainiwe, tunaiskani, tunaipakia tena kwenye programu. Zamani ilikuwa karatasi moja na saini. Mleta uzi, zana tumepata. Tija nenda kaitafute.

#1 (mleta uzi)

Nimecheka, halafu nikakumbuka na kwetu ni hivyo hivyo.

Robert Solow, yule mchumi aliyepata Nobel mwaka 1987, mwaka huo huo alitania kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Na si mara ya kwanza. Umeme ulikuwa hivyo. Kituo cha umeme cha Edison cha Pearl Street, New York, kiliwashwa 1882. Viwanda vilipoanza kuutumia, vingi viling'oa injini ya mvuke na kuweka mota moja kubwa mahali pake, vikaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa: mhimili mrefu wa chuma unaozunguka darini, mikanda ikishuka kwenye kila mashine, jengo la ghorofa kadhaa ili mashine zote zikae karibu na injini. Faida ikawa kiduchu.

Ilibidi kizazi kipite ndipo watu wakaona kwamba kila mashine inaweza kuwa na mota yake ndogo. Mhimili ukatoka, mikanda ikatoka, mwanga ukaingia toka juu, jengo likawa la chini na mashine zikapangwa kwa kufuata kazi inakopita. Hapo, miaka ya 1920, tija ya viwanda vya Marekani ikaruka. Takriban miaka 40 tangu taa za kwanza! Ofisi yako, #8, imeweka mota kubwa mahali pa injini. Mikanda bado iko darini.

#9

Na saa za kazi je? Bosi wetu anaamini kukaa mpaka saa tatu usiku ndiyo uzalendo.

#6

Mpelekee hii. Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliunda kamati ya afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha mwaka 1915, ikaweka kumbukumbu za saa na mazao. Karibu miaka mia baadaye mchumi John Pencavel akazichambua upya. Mpaka kama saa 49 kwa wiki, mazao yanapanda sambamba na saa. Baada ya hapo kila saa ya ziada inaleta kidogo zaidi ya iliyotangulia, mpaka inafika mahali ambapo aliyefanya saa 70 hakumzidi kwa lolote la maana aliyefanya 56. Saa 14 za mwili wa mtu zimekwenda bure. Na hawa walikuwa wanatengeneza mabomu wakati nchi iko vitani, usiniambie hawakuwa na moyo.

#10

Ongeza joto. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba kwenye joto la nyuzi 33 au 34 za Selsiasi mtu wa kazi ya nguvu ya wastani anapoteza nusu ya uwezo wake wa kazi. Mimi nafanya kazi chini ya bati. Wakubwa wako kwenye kiyoyozi, wanatushangaa mchana tunapungua kasi.

#4

Nitupie moja ya mishahara kabla sijalala. Henry Ford, yule mtengeneza magari wa Marekani, mwaka 1913 alipoanzisha mstari unaotembea, muda wa kuunganisha gari ulishuka toka saa 12 na nusu hivi hadi saa moja na nusu. Tija ya ajabu, lakini watu waliichukia kazi ile wakawa wanaondoka. Kwa mwaka mmoja alilazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili abaki na kama 14,000. Kila anayeondoka anaondoka na mazoea ya mikono yake. Januari 1914 akapandisha malipo mpaka dola 5 kwa siku na kupunguza zamu toka saa 9 hadi 8. Hayo malipo yalikuwa na masharti ya kuingilia maisha ya watu majumbani mwao, simsifu. Ila mlango ukaacha kupiga kelele.

Mazoea ya mikono si kitu kidogo. Meli za mizigo za Liberty, Marekani, Vita vya Pili vya Dunia: za mwanzo zilichukua miezi kadhaa kujengwa, na ndani ya miaka michache wastani ukashuka hadi wiki sita hivi. Mchoro ulikuwa ule ule.

#3

Wakuu, nimerudi. Siku nne zimepita, nilijiambia sitarudi.

Ile kazi ya nyumbani nimeifanya, nikitaka kumuumbua mleta uzi. Nilisimama nyuma ya yule dada wa mifuko 35 kwa saa nzima, nikiwa na simu mkononi. Meza yake ni ya mwisho ukutani. Bunda la vipande likiisha, anainuka mwenyewe mpaka meza ya wakataji, analibeba, anarudi. Mara tatu kwa saa hiyo moja. Mara ya pili alikuta halijafungwa, akasimama. Taa ya juu yake ina kivuli cha nguzo, anainamisha kichwa ili aone pindo. Uzi ulikatika mara tano. Yule kijana wa 60 amekaa ubavuni mwa wakataji, wanamsogezea bunda bila yeye kuinuka.

Juzi nikawabadilishia meza. Sikuwaambia kwa nini. Baada ya siku mbili: dada kwenye meza ya kijana anatoa 49. Kijana kwenye meza ya ukutani anatoa 44.

#1 (mleta uzi)

Mkuu, hapo umefanya utafiti kuliko wengi wetu. Tuhesabu. Kijana ameshuka 16, dada amepanda 14. Kwa hiyo kwenye lile pengo la 25, kama 15 ni meza, na 10 zilizobaki ni mtu. Zipo, sikatai. Huyo dada ana muda gani kazini?

#3

Miezi mitatu. Kijana ana miaka sita.

#7

Miezi mitatu tu, jamani, na mlishamwita mvivu.

#3

Nimekubali, dada. Nguzo siwezi kuihamisha, ila taa nimeomba isogezwe, na nimeweka mtu wa kugawa mabunda kwa wote. Ofisi inaniuliza kwa nini nimeongeza mtu asiyeshona.

Halafu yule kijana amenuna. Anasema ile meza ni yake, anaitaka leo.